Diski ya Harusi na Redio ya Kijapani: Kufunga DVD Katika Gari Lililotoka Japani

Ami yangu alinunua Toyota Noah ya mwaka 2017 kutoka Mombasa, na jambo la kwanza alilolitaka humo halikuwa mwendo wala nafasi ya mizigo. Alitaka kutia diski. Anazo mbili anazozitunza ndani ya mkebe wa biskuti: moja ni ya harusi ya binti yake mkubwa, iliyopigwa hapa hapa Malindi na mpiga video wa mtaani, na ya pili ni ya Maulidi ya Lamu. Skrini ilikuwapo kwenye deshibodi, tundu la diski lilikuwapo nyuma yake, na darini kulikuwa na skrini nyingine ya kukunjua, ya abiria wa nyuma. Akatia ya harusi. Gari likaimeza, likanguruma kidogo, yakatokea maandishi ya Kijapani, diski ikatemwa. Akatia ya Maulidi, nayo ikatemwa.

"Mwanangu," akaniambia kwenye simu, "nimeuziwa gari bovu."

Nimefunga redio za magari kwa miaka kadhaa, na malalamiko hayo nayasikia kila wiki. Gari la ami lilikuwa zima. Kile kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye mawimbi yake ya redio, televisheni yake, diski zake na barabara zake za kulipia, kisha kikapakiwa melini pamoja na gari na kushushwa Kilindini bila mtu kukiambia kwamba kimehama. Ndiyo maana anayetaka DVD ndani ya gari la Japani ajue kwanza ni lipi kati ya hayo linalomsumbua. Nimewaona watu wakibadilisha spika ilhali ugonjwa ni antena, na wengine wakitupa redio nzima kumbe tatizo lilikuwa la diski.

Diski inapotemwa

Filamu za DVD zinazouzwa rasmi hutiwa namba ya eneo. Kampuni za filamu ziliigawa dunia ili diski iliyonunuliwa huku isichezeke kule. Japani iko eneo la 2, pamoja na Ulaya Magharibi na Mashariki ya Kati. Kenya iko eneo la 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. (Afrika Kusini na Misri ziliwekwa eneo la 2, usiniulize kwa nini.) Geuza kasha la filamu utazame mgongoni: utaona alama ya kidunia kidogo chenye namba ndani. Ikiwa namba ni 5 na redio ni ya Kijapani, hizo mbili hazitaongea.

Lakini diski ya harusi haina namba ya eneo. Mpiga video wa mtaani haweki kufuli ya aina hiyo, hata akitaka hajui aitie wapi. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kuna ukuta wa pili ambao hautajwi sana. Kabla ya dijitali, Kenya ilitumia mfumo wa picha wa PAL, wa mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde. Japani ilitumia NTSC, mistari 525 na fremu zinazokaribia 30. Kamera zilizouzwa kwetu zilirekodi kwa PAL, na harusi zikachomwa kwenye diski kwa PAL. Mashine ya DVD ya nyumbani, hata ile ya bei ya chini kabisa, kwa kawaida husoma yote mawili, ndiyo maana diski ile ile inacheza sebuleni bila tabu. Redio nyingi za magari zilizotengenezwa kwa soko la Japani husoma NTSC peke yake. Mjapani hakuwa na haja ya PAL, basi hakutiliwa.

Ukuta wa tatu ni mdogo ila unaudhi. Diski iliyochomwa nyumbani inatakiwa "ifungwe" mwishoni, yaani kompyuta iandike ukurasa wa mwisho unaoiambia mashine kwamba hapa ndipo pa kuishia. Mchomaji mwenye haraka huiruka hatua hiyo. Baadhi ya mashine za nyumbani husamehe, za gari hazisamehi. Na zile diski zenye filamu chungu nzima ndani ya moja, ambazo ni mafaili ya AVI yaliyobanwa, redio nyingi za kiwandani haziyajui mafaili hayo hata kidogo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya ami haikuhitaji bisibisi. Niliichukua diski ya harusi, nikaigeuza kuwa NTSC kwa kompyuta, nikaichoma upya kwa mwendo wa polepole, nikaifunga. Ikacheza mbele, ikacheza na kwenye skrini ya darini. Mke wa ami akatazama arusi ya bintiye kutoka Malindi mpaka Gede, na mambo yangeishia pale kwa gharama ya diski moja tupu.

Redio isiyopanda juu ya 90

Yangeishia pale kama si redio. Japani ilitenga masafa ya FM kutoka megahezi 76 hadi 90. Sisi, kama sehemu kubwa ya dunia, tuko kati ya 87.5 na 108. Mifumo hiyo miwili inakutana kwenye kipande chembamba tu, kati ya 87.5 na 90, na chochote kilicho juu ya hapo redio ya Kijapani haikifikii. Mnamo 2014 Wajapani walianza kuongeza hadi 95, kwa hiyo magari ya karibuni hushika zaidi kidogo. Zaidi kidogo tu: Baraka FM ya Mombasa iko 95.5, na redio inayokomea 95 inaikosa kwa nusu megahezi, kama mtu aliyefika kivukoni kivuko kikiwa ndiyo kwanza kimeng'oa.

Dawa ya rahisi inayouzwa madukani ni ekspanda, kidude kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kinachukua mawimbi na kuyashusha. Kikishusha kwa megahezi 16, ile 95.5 utaipata kwenye 79.5. Kina kasoro tatu. Namba unazoziona kwenye skrini si namba halisi, na itakubidi uzihesabu kichwani. Kilichozidi 106 bado hakifiki. Na stesheni yenye nguvu iliyo chini ya 90 inaweza kupenya bila kushushwa ikaja kugongana na iliyoshushwa, ukasikia hotuba ya mtu chini ya taarabu. Kwa anayesikiliza stesheni mbili tatu inatosha. Kwa mwenye kupenda kuzungusha redio, inachosha.

Televisheni haina hata ekspanda. Magari haya yana kitufe cha TV, na wauzaji wengine hukitaja kama sifa. Japani inarusha televisheni ya dijitali kwa mfumo wa ISDB-T, Kenya kwa DVB-T2. Ni lugha mbili tofauti, na hakuna mpangilio wowote ndani ya menyu ya Kijapani utakaobadilisha hilo. Kitufe hicho kisahau.

Jambo jingine ambalo watu hunijia nalo wakiwa na wasiwasi ni sauti ya mwanamke wa Kijapani anayesema kila gari linapowashwa. Mara nyingi huyo si redio. Ni mashine ya ETC, ya kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama, na anachosema ni kwamba kadi haijawekwa. Iko chini ya deshibodi au nyuma ya kioo cha jua. Inachomoleka.

Siku betri ilipotolewa

Wiki mbili baada ya harusi kucheza, ami alipeleka gari likafanyiwe usafi wa injini, na kijana akatoa kichwa cha betri kwa nia njema. Kiliporudishwa, skrini ilitoa maandishi ya kudai kadi ya SD ya ramani, na haikuendelea mbele hata kwa dua.

Redio za Toyota za ramani huhifadhi programu yake, au sehemu yake, kwenye kadi ya SD. Za zamani zaidi hutumia diski ya DVD ya ramani. Umeme ukikatika, kifaa husahau kilichokuwa kwenye kumbukumbu na hudai kadi yake, na baadhi ya modeli hudai pia namba ya siri. Kadi tupu ya dukani haifui dafu, inatakiwa yenye programu ya modeli ile ile. Kadi hizo hupotea njiani, ama Japani kwenyewe, ama bandarini, ama kwenye yadi. Na betri hufa njiani, kwa sababu gari hukaa melini na yadini majuma kadhaa. Ndiyo maana unaona magari mengi yakitoka Mombasa na skrini nzuri isiyofanya lolote ila kuonyesha saa.

Basi ukienda kuchagua gari yadini, fungua tundu la SD utazame kama kadi imo, kabla hujatazama matairi. Na kama redio ya asili bado inafanya kazi na unataka kubaki nayo, mkataze kila fundi kugusa kichwa cha betri bila kwanza kuunga betri nyingine pembeni ili umeme usikatike.

Ami hakuwa na kadi. Wapo mafundi wanaofungua kufuli hizo, na kwa modeli nyingine hufaulu, lakini ukimaliza kulipa bado una redio inayokomea 95 na menyu ya Kijapani isiyobadilishika. Nilimshauri anunue nyingine. Akakubali, ila mimi nilikuwa Lamu wiki ile, naye hakutaka kungoja.

Tundu na kinachoingia humo

Kabla sijasimulia kilichomkuta, kwanza suala la ukubwa. Redio za kawaida hufuata kipimo cha Kijerumani cha DIN: upana wa milimita 180 hivi na kimo cha 50. Yenye skrini huwa ya kimo mara mbili, 180 kwa 100. Toyota wao, na Daihatsu walio nyumba moja nao, wana tundu la milimita 200 kwa 100. Ukitia redio ya 180 hapo inabaki nafasi ya milimita 10 kila upande, na hapo ndipo utaona mafundi wakijaza sponji au kadibodi. Kuna vipande vya plastiki vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo hiyo, na kuna redio zilizotengenezwa kwa 200 kamili. Pima kwanza kwa rula, ndipo ununue.

Skrini kubwa za Android za inchi 9 au 10 huja na fremu ya modeli ya gari lako. Karibu zote hazina tundu la diski. Mwenye diski zake hulazimika kuunga mashine ya DVD pembeni, au kuhamisha diski kwenye flashi, na kusema kweli hilo la flashi ndilo ningelifanya mimi. Lenzi ya DVD ni kitu laini. Vumbi la njia ya Marafa huingia, mtikisiko huifanya iruke, na hewa yetu ya chumvi huila taratibu. Flashi haina kinachozunguka. Lakini mzee mwenye mkebe wa biskuti humwambii habari ya flashi. Na tahadhari ukinunua hizo Android: nyingi za bei ya chini hujiandikia kwenye skrini ukubwa wa kumbukumbu na toleo la Android visivyo vyake.

Magari mapya yanaleta fumbo jingine. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kila mwaka magari mapya zaidi huingia. Corolla iliyozinduliwa Japani Septemba 2019 ilikuja na skrini iliyojengwa ndani ya gari tangu kiwandani, na Toyota nyingine zikafuata. Hilo si tundu la DIN tena. Mipangilio ya gari na kamera ya nyuma hupitia skrini ile ile, na ukiing'oa unang'oa na mambo usiyoyajua. Kwenye gari la namna hiyo iache ilivyo. Nunua skrini za kufunga nyuma ya viti, zenye DVD au USB ndani yake, zinazokula umeme kutoka kwenye tundu la kuwashia sigara. Watoto watatazama, na deshibodi haitaguswa.

Rangi zinazodanganya

Ami alinunua redio ya DVD ya milimita 200, nzuri tu, akampelekea fundi mmoja wa mjini. Ikafungwa kwa nusu saa. Ilikuwa ikilia, DVD inacheza, ila spika moja ya nyuma ilikuwa bubu. Fundi akasema spika imekufa. Jioni ile ami akitoka Mambrui, karibu na daraja la Sabaki, kiza kikaanza kuingia, akawasha taa. Sauti ikakatika, ikaja harufu ya plastiki.

Niliporudi kutoka Lamu niliifungua, na kisa chote kilikuwa pale kwenye waya. Redio za dukani zina rangi ambazo watengenezaji wengi wamekubaliana. Manjano ni umeme wa kudumu, unaotunza kumbukumbu. Nyekundu ni aksesari, umeme unaokuja ukizungusha ufunguo. Nyeusi ni athi, yaani hasi ya bodi ya gari. Bluu hupeleka umeme kwenye antena. Spika ni nyeupe na kijivu mbele, kijani na zambarau nyuma, kila moja na mwenziwe mwenye mstari mweusi.

Toyota hawakuwapo kwenye makubaliano hayo. Katika Toyota nyingi umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa manjano, aksesari ni kijivu, athi ni kahawia, na kijani ni umeme wa taa za deshibodi, unaokuja ukiwasha taa. Kisha spika za nyuma zikapewa nyeusi, manjano, nyekundu na nyeupe. Tazama mtego huo. Rangi zile zile ambazo kwenye redio mpya ni umeme na athi, kwenye gari ni spika. Na kijivu na kijani, ambazo kwenye redio ni spika, kwenye gari ni umeme.

Yule fundi hakuwa mjinga. Umeme na athi alivitafuta kwa testa, akavipata sawasawa. Alipofika kwenye spika ndipo alipobahatisha, akafunga kijani kwa kijani. Mchana ule waya wa kijani wa gari haukuwa na umeme, kwa hiyo spika ile ilikuwa bubu tu. Taa zilipowashwa, volti 12 ziliingia moja kwa moja kwenye mdomo wa amplifaya ya redio, mahali panapotakiwa kutoa umeme, si kupokea. Ile ikafa papo hapo.

Kwa hiyo rangi isikutoshe. Njia salama kuliko zote ni soketi za kubadilishia. Toyota nyingi zina soketi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6, na magari mengi yana ya tatu, ya pini 5, inayoleta ishara za spidi, rivasi na hendibreki. Zinauzwa soketi za kuingia humo bila kukata hata waya mmoja wa gari. Ni kitu cha pesa kidogo, na bado watu hukata, eti soketi ni anasa.

Kama soketi zimeshakatwa na mwenzako aliyetangulia, tumia mita. Mpini mweusi ushike chuma kitupu cha bodi. Ufunguo ukiwa umezimwa, waya unaosoma volti 12 na ushei ni wa kudumu. Zungusha ufunguo hatua ya kwanza: unaoamka ni aksesari. Washa taa za nje: unaoamka sasa ni wa taa. Rivasi ipate kwa kuzungusha ufunguo hatua ya pili na kuweka gia ya nyuma, injini ikiwa imezimwa na breki imekanyagwa. Spika zitambue kwa betri ndogo ya rimoti, ya volti 1.5: gusisha ncha mbili kwa kufumba na kufumbua, spika italia "tap" na utajua ni ya wapi. Ukiweza kuona ngozi yake, ikisukumwa nje basi chanya ya betri imekutana na chanya ya spika. Ukigeuza moja, hutapata hasara ya moshi, ila besi itapotea na hutajua imekwenda wapi.

Hasi ya spika usiifunge kwenye bodi ya gari. Mafundi wa zamani walizoea hivyo kwa redio za zamani. Hizi za sasa waya zote mbili za spika zinabeba umeme, na ukiugusisha mmoja kwenye bodi unaua amplifaya ile ile iliyokufa Sabaki.

Na kabla ya hayo yote, kama hubaki na redio ya asili, toa kichwa cha hasi cha betri kwa spana namba 10 na ungoje. Toyota wenyewe husema sekunde 90 angalau, ili mfumo wa mifuko ya hewa ulale. Kisha urudishe wakati wa kupima tu. Soketi yoyote ya manjano utakayoikuta nyuma ya deshibodi ni ya mifuko hiyo. Usiichomoe, usiichokoe kwa testa ya balbu.

Viungo vya waya navyo havitaki mchezo huku pwani. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu unaweza kudumu Nairobi. Hapa joto la gari lililoegeshwa juani hulainisha gundi, tepu inateleza, na hewa ya bahari inaifanya shaba kuwa ya kijani. Lehemu kwa risasi, kisha uvishe mpira unaonywea kwa moto. Fyuzi iwe ile iliyoandikwa kwenye redio. Nimewahi kuchomoa fyuzi iliyovishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na plastiki iliyoizunguka ilikuwa imeshaanza kuyeyuka.

Antena ya Toyota nyingi ina kikuza mawimbi kidogo kinachohitaji umeme. Umeme huo ndio kazi ya waya wa bluu. Ukiachwa ukining'inia, redio mpya yenye FM hadi 108 itashika vibaya kuliko ya zamani, na mwenye gari atasema ameuziwa feki.

Kamera ya nyuma ya kiwandani ni mtego mwingine: nyingi za Toyota zinatumia volti 6. Ukizipa 12 za rivasi zinaungua. Kuna kipunguza volti kinachouzwa kwa kazi hiyo, au nunua kamera mpya ya volti 12 uache ya asili ilale.

Waya wa hendibreki

Redio ya DVD ina waya mmoja unaotakiwa kufungwa kwenye swichi ya hendibreki. Hendibreki isipovutwa, picha ya mbele haionekani, sauti tu ndiyo inayosikika. Redio za kiwandani huongeza na ishara ya spidi. Fundi karibu yeyote atakufungia waya huo kwenye athi ili redio idhani hendibreki imevutwa siku zote, na atakuuliza kwa tabasamu kama unataka "ifunguliwe".

Mimi siifungui. Sijawahi kuwa na ugomvi na ami isipokuwa siku ile. Barabara ya Mombasa ina watoto wa shule, baiskeli, bodaboda na ng'ombe, na harusi, hata iwe ya binti yako, si kitu cha kutazamwa ukiwa kwenye usukani. Tulichokubaliana ni skrini ya darini. Njia ya picha ya nyuma kwenye redio nyingi haizuiwi na hendibreki, kwa kuwa ni ya abiria. Tatizo ni kwamba skrini za darini za kiwandani zina plagi yake ya kipekee, na redio mpya hutoa picha kwa waya wa RCA wenye kichwa cha manjano. Ukibadilisha redio bila kutafuta waya wa kuunganisha hizo mbili, skrini ya darini inabaki pambo. Ulitafutwa Mombasa, ukachukua siku tisa kufika.

Redio iliyokufa haikuwa na dawa ya maana. Kipande kilichoungua kinaweza kubadilishwa, lakini bodi ilikuwa imebabuka pembeni yake. Ami akanunua ya pili, na safari hii akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango akinitazama tangu waya wa kwanza. Akaniuliza kila waya ni wa nini. Nilipofika kwenye kijani alisimama.

Kazi ilipokwisha tulijaribu kila kitu kwa taa zimewashwa na zimezimwa. Redio ikashika 95.5 bila hesabu. Harusi ikacheza darini kutoka kwenye diski ya asili, ile ya PAL, kwa sababu redio hii husoma yote mawili. Kikabaki kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka: gari lizimwe, milango ifungwe, uingoje nusu saa, kisha uunge mita kati ya hasi ya betri na waya wake ukiwa kwenye kipimo cha ampea. Gari likiwa limelala, kisichozidi 0.05 ni cha kawaida, ni kumbukumbu na saa. Kikisoma nusu ampea ujue manjano na nyekundu zimefungwa pamoja au skrini ya darini haijazimika, na asubuhi ya pili au ya tatu utasukuma gari. La ami lilisoma 0.03. Tukarudisha kichwa cha betri, nikakikaza, tukafunga boneti.